Hewa ya Chumba cha Sita

Mwezi uliopita nilirudisha funguo, na nyinyi mliobaki wodini mmeniomba niandike mambo ya kazi. Ya vyeo hamtayaona hapa. Niliingia mfagizi nikatoka mfagizi, na katikati hakuna aliyeniita ofisini kunipa mkono. Shule niliachia darasa la nne. Hesabu za kugawanya zilinishinda, nikaolewa. Leo nina wajukuu wanaogawanya kichwani huku wanatafuna njugu, na ni mimi niliyewalea, kwa hiyo naona mambo yamelingana. Lakini kuna kifaa kimoja katika hospitali ile ninachokijua kuliko madaktari. Hilo silisemi kwa kujisifu. Basi, kwa kujisifu kidogo.

Kazi nilifundishwa na Bishaaro, Mungu amrehemu, mfagizi wa zamani aliyekuwa na mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Siku ya kwanza alinipa mopu, akaniita dada kwa Kisomali: "Abaayo, anzia palipo safi, malizia palipo chafu. Ukirudi nyuma na mopu hiyo, umemwogesha mgonjwa mkojo wa jirani yake." Kuanzia hapo sikurudi nyuma. Alinifundisha pia kwamba mfagizi anaangalia sakafu kwanza, halafu watu. Sakafu haikudanganyi kwamba imelala vizuri.

Adui yetu wa kila siku alikuwa vumbi. Nyinyi mnalijua vumbi la Garissa, halibishi hodi. Linapita chini ya mlango, linapita kwenye tundu la ufunguo, linaingia mpaka kwenye chumvi. Nyumbani kila mwanamke anajua dawa yake: unalowesha kitambaa, unakisokota, unakilaza chini ya mlango. Nami nilipopewa Chumba cha Sita nikafanya hivyo hivyo. Nilizibia mlango vizuri sana, nikajiona nimefanya kazi. Sista Rukia, muuguzi mkuu wetu, alipokiona kile kitambaa alikitupa kwa mguu. Eeddo kwetu ni shangazi, na ndivyo alivyoniita.

"Eeddo, unataka kutuua? Chumba hiki lazima kivute hewa!"

Chumba cha Sita kilikuwa cha wagonjwa wa kifua kikuu kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida. Kilikuwa na feni mbili zilizofichwa darini. Ndogo iliingiza hewa safi. Kubwa ilinyonya hewa ya chumbani kupitia dirisha dogo la wavu, juu ya ukuta nyuma ya kitanda, ikaitupa nje juu ya paa. Kwa kuwa ile kubwa ilitoa zaidi kuliko ile ndogo ilivyoingiza, chumba kilikuwa na njaa ya hewa saa zote, na njaa hiyo kilijishibisha kwa kuvuta kutoka ukumbini, chini ya mlango. Hewa inaingia kwa mgonjwa, haitoki kwa mgonjwa. Mdudu wa TB anabaki ndani, anapelekwa juani. Ni hivyo tu. Anayewaambia ni jambo gumu anataka mumwite daktari.

Na ilikuwa lazima hewa isitoke, kwa sababu jengo lile ni la zamani, na benchi la kina mama wa kliniki ya watoto lilikuwa ukumbini, hatua chache kutoka mlango wa Chumba cha Sita. Mama anakaa pale na mtoto mchanga, anangoja mizani na chanjo. Aliyepanga hivyo simjui. Huenda hakuwa na mtoto.

Siku hizo tulipima hewa kwa karatasi ya choo. Nilikata kipande chembamba, nikakifunga kwa uzi chini ya mlango. Kikiegemea ndani, sawa. Kikisimama, naita fundi wa stima. Kikiegemea nje, nawafukuza kina mama kwanza, maelezo baadaye. Kilinisaidia miaka mingi, na hakikuwahi kuhitaji betri.

Halafu akaja Mutua. Alikuwa fundi wa kutoka Nairobi, Mkamba, kijana mnene mwenye heshima, aliyeshuka kwenye basi ametota jasho kama mtu aliyeanguka Tana. Alileta kisanduku cheupe cha ukubwa wa kopo la majani ya chai, chenye kioo cha namba. Nilipangiwa kumshikia ngazi.

"Asante, shosho," akaniambia, kama wanavyowaita bibi zao huko Nairobi.

"Shosho yako yuko kwenu. Mimi ni Ayeeyo."

"Ayeeyo ni nini?"

"Ni shosho."

Alicheka mpaka ngazi ikatikisika, na tangu siku hiyo tukaelewana.

Kisanduku alikifunga ukumbini kando ya mlango, usawa wa macho ya mtu mzima. Kwa nyuma kilikuwa na mirija miwili laini ya plastiki. Mmoja mdomo wake unabaki ukumbini. Wa pili unapita ukutani, mdomo wake unatokea ndani ya chumba kwenye tundu dogo lenye kifuniko cha chuma. Kisanduku kinalinganisha hewa ya midomo hiyo miwili. Ya ndani ikiwa pungufu, namba inakuja na kistari mbele yake, na taa inakuwa ya kijani. Mutua alichomoa mirija yote miwili kwanza, namba ikawa sifuri. "Ukiona si sifuri hapa, usiamini kitu kingine chochote kitakachokuambia," akasema. Akairudisha, ikaja nane yenye kistari. Akanifungulia mlango. Namba ikateremka: nane, tano, mbili, sifuri. Akaufunga, ikapanda tena. Mlango ukikaa wazi zaidi ya dakika moja, kisanduku kinalia. Na kikilia, akasema, kidole kisiende kwenye kile kitufe cha kunyamazisha kabla hujajua kinalilia nini. Hilo mlishike. Nimeona watu wenye digrii wakikinyamazisha kisanduku kama mtoto wa jirani.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mutua alitaka tundu la ndani liwe kwenye ukuta wa kushoto, mbali na feni zote. Nikakataa.

"Huo ukuta naupiga maji ya klorini kila asubuhi. Tundu lako litakunywa maji. Weka kule juu, kando ya wavu. Mkono wangu haufiki, maji hayafiki."

Alikuna kichwa. "Kando ya wavu si pazuri sana, Ayeeyo. Pale kuna mvuto."

"Wewe unaondoka kesho. Mimi naishi na chumba."

Joto lilikuwa limempiga, ukuta ulikuwa wa mawe, drili ilikuwa imeanza kunuka moshi. Akaliweka nilipotaka. Nikajiona injinia.

Miaka ilipita, na kisanduku na mimi tukazoeana. Kila asubuhi niliandika namba kwenye daftari. Kila mwezi nilichomoa mirija kuangalia sifuri. Mara moja nyigu alijenga nyumba ya udongo kwenye mdomo wa ukumbini, namba ikaanza kuyumba kama mlevi. Nilimtoa kwa sindano ya kushonea, akaniuma kidole, nikamsamehe kwa kuwa tayari nilikuwa nimembomolea. Stima ilipokatika na jenereta kuchelewa, kisanduku kililia, nami nikawasogeza kina mama nje mpaka feni zirudi. Sista Rukia aliniambia niondoe karatasi yangu ya choo mlangoni. "Tuna mashine sasa, Eeddo. Wageni wakija inatuaibisha." Nikaiondoa. Sikubishana naye, na hilo nalo nililijutia.

Kisha akaletwa Mzee Noor kutoka Lafey. Alikuwa mtu wa ngamia, mrefu mpaka miguu ilipita kitanda, amekonda, na msafi kuliko sisi wote. Kila siku alifua macawis yake, ile shuka ya kujifunga kiunoni, kwa ajili ya sala, akaianika juu ukutani, kwenye misumari miwili aliyoikuta pale. Niliiona. Nilikuwa nadeki chini yake. Nikasema moyoni, huyu mzee mama yake alimlea vizuri.

Siku aliyoanza kuanika, namba ilipanda kutoka nane mpaka thelathini, na kistari chake mbele. Taa ya kijani iliwaka kama ya msikitini. Sista Rukia alifurahi.

"Mashallah, chumba kimepata nguvu!"

Nami nilifurahi. Niliandika thelathini daftarini siku nne, kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tano niliingia na ndoo mbili, barakoa usoni, nikauzuia mlango kwa mguu ili nipitishe ndoo ya pili. Jicho likaangukia kisanduku. Thelathini. Ndoo ilinielemea, nikaiweka chini, mlango ukabaki wazi hivyo hivyo, nikaendelea kuangalia. Thelathini. Nikahesabu mpaka sitini polepole. Haikuteremka hata moja, wala kisanduku hakikulia. Nikafunga mlango nikabaki nimesimama ukumbini. Mlango ukifunguliwa, chumba na ukumbi vinakuwa kitu kimoja, na namba lazima ianguke. Kama haianguki, basi kisanduku hakipimi chumba. Kinapima kitu kingine. Nyuma yangu benchi lilikuwa limejaa.

Nilimwita Sista Rukia.

"Eeddo, taa ni ya kijani."

"Taa ni ya kijani na mlango ulikuwa wazi."

"Labda imekwama. Nitampigia fundi baadaye. Leo nina foleni mpaka getini, unaiona."

"Foleni yenyewe ndiyo ninayoisemea."

"Namba ni nzuri kuliko zamani, wewe unataka nini?"

Sikuwa na maneno ya kitaalamu, nikaenda kutafuta moshi. Nje ya geti alikaa mwanamke muuza chai, na kando yake kila siku palifuka dabqaad, kile chetezo chetu cha udongo, chenye kaa na uunsi wa kufukiza. Nikakiazima bila kueleza. Mnajua kwamba kuwasha moto wodini ni kufukuzwa kazi, na mimi nilijua, karatasi yake ilibandikwa ukutani na mimi ndiye niliyekuwa naipangusa. Nilifunga milango ya ukumbi pande zote mbili ili upepo wa nje usije ukasingiziwa, nikachuchumaa mbele ya Chumba cha Sita, nikaweka dabqaad chini, karibu na upenyo wa mlango.

Kina mama walicheka. "Ayeeyo, kuna arusi humo ndani?"

Moshi ulipanda kidogo, ukafika kwenye upenyo, halafu ukasukumwa. Ulitandazwa sakafuni kuja upande wetu, ukazunguka viatu vyangu, ukaenda moja kwa moja chini ya benchi, kati ya miguu ya wale kina mama na watoto wao. Hawakujua maana yake, lakini waliniona uso.

Sista Rukia alikuja mbio kwa harufu. "Eeddo! Moto hospitalini?" Kisha akautazama moshi. Ni mwanamke mkali, lakini mjinga si yeye. Aligeuka akapaza sauti kwa Kisomali: kila mama ainuke, abebe mtoto wake, atoke nje, sasa hivi, mizani itafuata. Tulibeba mizani yenyewe mikononi.

Niliingia chumbani na kwa mara ya kwanza nikaangalia juu badala ya sakafu. Ile macawis ilikuwa imetanda juu ya wavu wote, mbichi, imenyonywa ukutani kama ngozi ya ngoma. Na chini ya upindo wake, kando, palitokeza duara dogo. Lilikuwa tundu langu. Feni kubwa ilikuwa inanyonya kitambaa tu, na tundu likiwa humo humo nyuma ya kitambaa lilikuwa linahisi mvuto mkubwa, linaripoti thelathini kwa furaha. Chumba chenyewe kilikuwa kinaingiziwa hewa na ile feni ndogo, hakina pa kuitolea isipokuwa chini ya mlango.

Tulizungumza Kisomali, mimi na Mzee Noor. Hapa naandika kwa Kiswahili ili hata Mutua asome.

"Mzee, nguo hii umeianika au umeziba?"

"Vyote viwili. Dude hilo linavuta upepo juu ya kichwa changu. Mwenye kifua halali penye upepo, hata ndama tunamkinga."

"Upepo huo ndio unaotoa ugonjwa wako nje."

"Hakuna aliyeniambia."

Na kweli, hakuna. Tulimwambia ameze dawa, ateme kwenye kikopo, asitoke. Habari ya upepo tulimwambia Mutua, tukaliambia daftari. Mzee mwenyewe tuliona si wa kuambiwa.

"Nje kulikuwa na watoto?" akauliza.

"Walikuwepo."

Alisimama juu ya kitanda kwa miguu yake ile ya korongo, akaibandua mwenyewe. Ilitoka kwa sauti kama ya plasta. Akakaa, akaikunja mapajani mara nyingi kuliko inavyokunjika. Tulihamisha kitanda upande wa pili ambako upepo haukumgusa kichwa. Nilitoka nikaangalia kisanduku: nane. Nikafungua mlango, ikaenda sifuri. Moshi niliouweka tena ulijikunja ukaingia chini ya mlango bila kusita.

Nilimpigia Mutua mwenyewe. Nilimweleza yote, nikamwambia tundu lile nililichagua mimi na kosa ni langu. 

"Ayeeyo, wewe ulisema," akasema. "Lakini drili ilikuwa mkononi mwangu."

Alikuja kwa basi la kwanza, akatoboa ukuta wa kushoto pale alipotaka mwanzo, akaweka kifuniko cha kuzuia maji ambacho, kumbe, kilikuwa kinapatikana siku zote. Misumari ya ukutani niliing'oa mimi. Karatasi ya choo ilirudi mlangoni, na Sista Rukia aliikata kwa mkono wake. Habari ya dabqaad aliiandika kwenye ripoti kwamba "jaribio la moshi lilifanyika". Kuhusu nani alilifanya na kwa kaa la nani, ripoti haikusema.

Lakini hayo yalikuwa mambo ya ukuta. Siku nne na asubuhi moja, kina mama walikaa pale wakivuta hewa ya Chumba cha Sita. Sista Rukia alitoa rejista ya kliniki tukapitia majina yote ya siku zile. Walipigiwa simu, wakarudi, watoto wakapimwa, wengine wakapewa dawa ya kinga, wakaambiwa warudi tena na tena. Baadhi ya waume walikuja kutufokea, na walikuwa na haki. Mimi nilideki chini ya benchi la kliniki, sasa limehamishiwa nje bandani, nikasikiliza kila jina linaloitwa. Siku baada ya siku yalipigwa alama mpaka likabaki moja, la Deeqa, msichana aliyekuja na mtoto wa miezi mitano siku ile ya tatu, akakaa mwisho wa benchi, upande wa mlango. Namkumbuka kwa sababu alinyanyua miguu nipitishe mopu, na wengi hawanyanyui.

Simu yake haikupatikana. Alikuwa mgeni kwa shangazi yake mjini, na shangazi alisema amekwisha kurudi kwao upande wa Hadado, huko Wajir, na mifugo ya mumewe imehama kufuata malisho.

"Atarudi kwa chanjo nyingine," alisema Sista Rukia.

"Atarudi hapa? Kutoka Hadado?"

Alifunga rejista.

Kila Jumatano, siku ya soko la mifugo, nilikwenda na sare yangu nikawauliza wafanyabiashara nani ametoka Wajir na nani anarudi. Niliwapa jina la Deeqa, jina la mumewe na la ukoo. Niliwaambia madereva wa malori ya maji. Walikuwa wananiuliza, "Ana deni lako?" Nikawa nasema ndiyo, ili wanitafutie kwa bidii. Usiku sikuwaza lolote la maana, nililala kama watu. Ila mjukuu wangu mdogo akikohoa, hata kwa kupaliwa na maziwa, mkono ulikuwa unasimama wenyewe kwenye kazi.

Wiki ya saba, saa nne asubuhi, gari la mizigo lilisimama getini akashuka Deeqa, vumbi mpaka kwenye kope, mtoto mgongoni. Alikuwa amesafiri siku mbili. Sista Rukia alimpokea na hakumpa nafasi hata ya maji: mtoto akapimwa, akapigwa picha ya kifua, daktari akaiinua dirishani akaitazama kwa muda uliotosha kudeki wodi nzima. Kisha akasema kifua ni safi, uzito umeongezeka, apewe kinga na kituo cha karibu na kwao kimfuatilie.

Deeqa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniona nimesimama na mopu yangu, akauliza ni mimi niliyemtangaza sokoni. Nikakubali.

"Mwanamke mzima huna haya? Umelitia jina langu midomoni mwa madereva! Mume wangu anaambiwa nina deni Garissa! Nimeacha mbuzi wanaozaa, nimelala juu ya magunia siku mbili, kuja kuambiwa mtoto wangu hana kitu? Mzee mpumbavu! Mfagizi mzima unajifanya daktari!"

Aliendelea hivyo mbele ya benchi zima, na mtoto mgongoni mwake alikuwa ananicheka kwa meno mawili. Nimetukanwa sana katika kazi ile, na wagonjwa, na jamaa zao, na wakubwa. Mengine yote nimeyasahau. Yale ya Deeqa niliyasimamia mpaka neno la mwisho, na alipoishiwa pumzi nikamletea maji ili aweze kuendelea.